Twaijua Dubai, Ngazija Hatuijui

Kila uingiapo Mfunguo Sita, wako watu wa Majengo, Shauri Moyo, Kaloleni na Eastleigh hapa Nairobi wanaofunga mizigo yao kwenda Lamu kuhudhuria Maulidi. Safari yenyewe si ya mchezo: ni mwendo wa usiku na mchana, kisha ni chombo cha baharini. Wafikapo huelekea Langoni, penye Msikiti wa Riyadha, wakamsomea Fatiha Habib Swaleh bin Alwi Jamalilleil, kisha hurudi mjini wakiwa wamekunjuka nyoyo. Jambo hili ni zuri, wala sina la kulipinga. Ninalouliza ni hili: katika mahujaji hao wa Maulidi, ni wangapi wanaojua kuwa Habib Swaleh hakuzaliwa Lamu? Alizaliwa Ngazija. Alikuja Lamu akiwa kijana, akasomesha watumwa na wanyonge ambao wakubwa wa mji hawakutaka wasomeshwe, Riyadha ikajengwa mnamo mwaka 1900, na hapo alifariki mwaka 1935. Leo hata Pumwani tunao Msikiti wa Riyadha, lakini nchi aliyotoka mwenye Riyadha ya kwanza hatuna habari nayo.

Siku hizi alhamdulillahi wengi wetu tuna uwezo wa kusafiri kuliko wazee wetu. Pita Eastleigh utazame matangazo ya safari. Utaona Umra, na Umra ni ibada, haina mjadala. Lakini baada ya Umra utaona Dubai, utaona Istanbul, utaona Zanzibar ya mahoteli. Kijana wa Buruburu aliyeoa jana humpeleka mkewe kulitazama ghorofa refu la Dubai, wakapigwa picha chini yake, wakarudi. Umwambie aende Ngazija, atakuuliza: Kuna nini huko?

Basi hilo ndilo swali ninalotaka kulijibu leo.

Kwanza tuondoe dhana ya umbali. Kutoka Nairobi hadi Dubai ni zaidi ya kilomita 3,500. Kutoka Nairobi hadi Moroni, mji mkuu wa Visiwa vya Ngazija, au Komoro kama vinavyoitwa na serikali, ni kiasi cha kilomita 1,350 tu. Majahazi ya wazee wetu yalikuwa yakienda na kurudi kwa pepo za kaskazi na kusi, bila ya kuhesabu kuwa wamekwenda ng'ambo. Lugha za huko, Kingazija na Kinzwani, ni ndugu wa Kiswahili, baba mmoja na Kimijikenda na Kipokomo. Ukitega sikio siku mbili tatu utaanza kuyashika maneno. Dini ni ile ile, madhehebu ni yale yale ya Shafi, na maulidi, matari na uradi unaousikia Majengo utausikia huko.

Tena tuna deni. Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumeit, kadhi wa Zanzibar ambaye elimu yake ilienea pwani nzima, alizaliwa Itsandra, Ngazija, mwaka 1861. Alifariki Zanzibar mwaka 1925. Mwanawe, Sayyid Omar, naye alikuwa kadhi Zanzibar, na baada ya mapinduzi ya 1964 alirejea katika visiwa vya wazee wake, akafariki huko mwaka 1976. Sheikh Muhammad Maaruf, aliyeieneza tarika ya Shadhili hata ikafika Zanzibar, Kilwa na Msumbiji, kaburi lake liko Moroni tangu mwaka 1905. Majina haya tunayataja katika dua zetu. Mji walikotoka hatujautia mguu.

Na mtu akienda, asiishie Moroni kama wanavyofanya wageni wengi. Atoke kidogo aende Itsandra, mji wa masultani na wanavyuoni. Aende Iconi, kusini ya Moroni, penye magofu ya jumba la kifalme na jabali refu juu ya bahari. Inasimuliwa kuwa mwanzoni mwa karne ya 19, maharamia wa Bukini walipouvamia mji ule, wanawake walijitupa kutoka jabalini kuliko kutekwa utumwani. Watoto wetu wanafundishwa habari za mashujaa wa mbali. Na hawa je, si mama zetu?

Kisiwa cha Nzwani kina Mutsamudu, mji wa vichochoro vya mawe ambao mtu wa Lamu au wa Mji wa Kale, Mombasa, akitiwa ndani akiwa amefumbwa macho, akifumbuliwa atadhani yuko kwao. Juu yake iko ngome iliyojengwa karne ya 18 kuwazuia maharamia hao hao. Upande wa mashariki uko Domoni, mji mkongwe zaidi, wenye milango ya nakshi. Ni katika bahari ya Nzwani, mwezi wa Disemba 1952, alipovuliwa yule samaki wa ajabu ambaye wataalamu wa Ulaya walikuwa wakidhani amekwisha duniani tangu mamilioni ya miaka. Dunia ikapiga makelele kwa furaha ya ugunduzi. Wavuvi wa huko walikuwa wakimjua siku zote, na jina wamempa: gombesa. Ndivyo mambo yalivyo. Mahali huambiwa hapajulikani, na wenyewe wanapajua vizuri mno. Asiyepajua ni sisi.

Kisha kuna Mwali, kisiwa kidogo kuliko vyote na kinachotembelewa na wachache. Katika karne ya 19 kilitawaliwa na mwanamke, Jumbe Fatima, binti wa mwana wa kifalme wa Bukini aliyesilimu. Kusini ya kisiwa, mbele ya kijiji cha Nioumachoua, pana visiwa vidogo vidogo vya kijani katikati ya maji maangavu. Huko Itsamia, kasa hupanda pwani usiku kutaga mayai, na wanakijiji wenyewe ndio wanaowalinda. Bahari hiyo ilifanywa hifadhi mwaka 2001, na mwaka 2020 UNESCO iliitia Mwali katika orodha yake ya hifadhi za viumbe duniani. Kwa ufupi, aliye na macho atapata cha kutazama.

Sitaki kumdanganya msomaji. Safari ya Ngazija si safari ya raha mustarehe. Nyumba za wageni ni chache, na kutoka kisiwa hadi kisiwa hapana uhakika: ndege huahirishwa na bahari huchafuka. Kifaransa ndicho kilichotawala maofisini. Ngazija kuu haina mito, kwa sababu ardhi yake ya mawe ya volkano hunywa mvua yote, na watu wamezoea kuweka maji ya mvua mabirikani. Mgeni lazima ajue kuyatumia maji kwa adabu. Mlima Karthala, wenye mita 2,361, bado uhai. Uliporipuka mwaka 2005 jivu lake liliyaharibu maji hayo. Na miezi ya Disemba hadi Aprili ni ya mvua na tufani, kwa hiyo likizo ya Agosti ndiyo inayofaa, wakati wa kusi. Lakini anayetaka kitanda laini na lifti abaki Nairobi, mahoteli yapo. Safari tangu hapo ni mashaka, na ndiyo maana mtume wetu akatufundisha dua zake.

Liko jambo jingine zito zaidi, nalo ndilo lililonifanya niishike kalamu. Visiwa hivi ni vinne, na vimegawanywa. Vitatu vilijitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975. Cha nne, Maore, kilibaki mikononi mwa Ufaransa, na tangu 2011 ni mkoa wake kamili. Mwaka 1995 Ufaransa iliweka viza baina ya Maore na visiwa ndugu zake. Kutoka Nzwani hadi Maore ni kilomita 70 tu. Tangu hapo vijana, mama waja wazito na watoto wagonjwa wamekuwa wakivuka usiku katika mashua ndogo ziitwazo kwassa-kwassa, na maelfu wamezama. Mwezi wa Disemba 2024 kimbunga Chido kilipoipiga Maore, vibanda vilivyobomoka vilikuwa kwa wingi vya maskini hao. Habari hizo zilipita kwetu kama habari za Peru. Hapakusomwa hitima mitaani, kwa sababu moyo haulii kwa usiyemjua.

Hapo ndipo ninapoona hasara ya kutotembeleana. Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Sisi na Wangazija tunafanana kwa sura, kwa kanzu na kwa kofia, lakini kufaana kumekatika. Fedha tunazozimwaga katika maduka ya Dubai haziwashughulishi wenyewe wa Dubai hata kidogo. Fedha hizo hizo akizipata mwenye nyumba ya wageni Domoni, au mvuvi wa Nioumachoua mwenye mashua ya kuwapeleka watu visiwani, huenda mwanawe asiiangalie tena njia ya Maore. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ushauri wangu ni mdogo. Zile kamati zinazopanga safari za Maulidi ya Lamu hapa Majengo na Eastleigh zina uzoefu, na zinajua kukusanya michango kidogo kidogo mwaka mzima. Basi kila baada ya miaka mitatu minne zipange ziara moja ya Ngazija. Wachaguliwe baadhi ya walimu na wanafunzi wa madrasa, waende kama wageni wa misikiti, si kama watalii wa kupiga picha maskini. Wazuru Itsandra na Moroni, wafike Mutsamudu, na uwezo ukiwapo wavuke hadi Mwali. Wakirudi, watuhadithie.

Watu wa Majengo na Shauri Moyo hawahitaji kufundishwa maana ya kupoteza mahali. Kijiji cha Pangani kilibomolewa na wakoloni mwishoni mwa miaka ya 1930, wenyewe wakahamishiwa Shauri Moyo, na leo aliyewahi kuiona Pangani ile ni nadra kumpata. Jina limebaki, mji haupo. Ngazija ingalipo. Milango ya Domoni ingali wima, na nyumba za Mutsamudu zingali na watu. Qurani imetuamrisha mara nyingi tutembee katika ardhi na tuangalie. Haikusema tutembee madukani tu.

Wabillahi taufiki.