Ukiranja Si Beji

Katika miaka ya 80, nilipokuwa kidato cha tatu, nilitiwa ukiranja. Nilipewa beji ya shaba, nikaruhusiwa kula mwanzo na kulala mwisho. Watoto wa kidato cha kwanza walinichotea maji ya kuoga, na asiyechota nilimchapa. Mmoja nilimchapa hata akatoka damu puani. Baada ya wiki mbili mtoto yule hakuonekana tena shuleni, wala hakuna aliyeniuliza neno. Mwisho wa mwaka nilitunukiwa cheti cha uongozi bora.

Ndugu msomaji, siyasemi haya kwa kujisifu wala kwa kutaka kuhurumiwa. Nayasema kwa kuwa wengi wetu tuliosoma zama zile tulifunzwa hivyo: kiongozi ni mwenye kuchotewa maji. Wanafunzi hao ndio waliokua wakawa wakubwa wa afisi, madiwani na wabunge. Tukilalamika leo kwamba wakubwa wetu wanapenda kutumikiwa, na tujiulize walianzia wapi.

Mambo haya yalipata kuleta maafa. Mwaka 1999 katika Shule ya Upili ya Nyeri, wanafunzi waliwamwagia petroli viranja wanne ndani ya chumba chao usiku, wakawatia moto, wote wanne wakafa. Mwaka 2008 shule zipatazo 300 zilikumbwa na migomo. Mwaka uliofuata serikali, ikisaidiwa na UNICEF, ilianzisha mabaraza ya wanafunzi ili viranja wachaguliwe kwa kura badala ya kuteuliwa na walimu. Hilo lilikuwa jema. Lakini kura humpa mtu kiti tu, haimfunzi akikalie vipi. Mchaguliwa naye aweza kuchotewa maji.

Basi mwaka jana nilisafiri Nairobi kumtazama mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye yeye na mumewe wanauza mahamri na viazi karai huko Kawangware. Nilishuka kituo cha 46, nikapita katikati ya matope na mitumba mpaka kwao. Jioni mwanawe wa darasa la tano alirudi kutoka shule yake ndogo ya mabati akiwa na furaha, anakariri hesabu za sehemu kama anayekariri juzuu. Nikamuuliza nani aliyemfunza.

"Ni kijana mmoja wa Kibera, mjomba," akajibu mamake. "Amemaliza kidato cha nne kwa mapadre. Yuaja kufunza bure. Baba watoto hapendi. Asema huenda akamfunza na msalaba."

Nami, sitaficha, nilikuwa upande wa baba mtoto. Kesho yake nilikwenda shuleni nikakaa nje ya dirisha kusikiliza. Sikusikia habari ya msalaba. Nilisikia nusu na robo, na nikamwona kijana mwembamba, shati limefifia kwa kufuliwa, amechutama mbele ya mtoto mmoja aliyekuwa hajaelewa. Alipotoka nilimsalimu, nikamuuliza analipwa na nani.

"Silipwi, mzee," akasema. "Nalipa mimi."

Kijana yule alisoma shule iitwayo St. Aloysius Gonzaga, iliyoanzishwa na Wakatoliki wa shirika la Wajesuiti mwaka 2004 kwa ajili ya watoto wa Kibera waliofiwa na wazazi wao kwa ukimwi. Mtoto haulizwi karo. Lakini akimaliza kidato cha nne hasafiri moja kwa moja kwenda chuo cha juu. Kwanza hutumikia watu kwa muda wa miezi sita, bila ya ujira. Kisha ndipo anaposaidiwa kuendelea na masomo. Kwa maneno mengine, yatima aliyelelewa na watu hutakiwa kabla ya kwenda kutafuta yake awalee wengine.

Jina la shule nalo lina maana yake. Aloysius Gonzaga alikuwa mwana mkubwa wa mtawala huko Italia, akaacha urithi wake, akajiunga na Wajesuiti. Tauni ilipoingia Roma aliwauguza wagonjwa mpaka yeye mwenyewe akaugua, akafa mwaka 1591 akiwa na umri wa miaka 23. Si mtu wa dini yetu. Lakini kijana wa Kibera anayelelewa chini ya jina hilo hapewi mfano wa mwenye beji. Apewa mfano wa aliyembeba mgonjwa.

Najua atakayeniuliza: "Je, wewe uliyesoma chuoni wataka kutupeleka kwa mapadre?" Sivyo. Hofu ya wazazi wa Kiislamu kwa shule za makanisa haikuzuka hivi hivi. Tunaikumbuka kesi ya hijabu ya shule moja ya Isiolo inayofadhiliwa na Kanisa la Methodisti. Mahakama ya Rufani iliwaruhusu wasichana wetu kujisitiri mwaka 2016, na Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo Januari 2019. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mfadhili wa shule achunge pia dini ya asiyekuwa wa dini yake, na haki hiyo tuidai pasipo kuchoka. Lakini kudai haki ni jambo moja, na kukataa kujifunza ni jingine. Wazee wetu walitwambia kwamba hekima ni mali ya muumini iliyompotea. Popote aionapo, aichukue.

Tena mali hii ilikuwa yetu hasa. Aliyesoma chuoni anajua. Mwalimu alikuwa mmoja na watoto arubaini au hamsini. Aliyefika Yasini alimsomesha aliye katika Amma, na wa Amma akamshika mkono aliyekuwa katika alifu. Hapakuwa na beji. Mkubwa alifagia msikiti, akajaza birika, na mwenziwe akiugua yeye ndiye aliyepeleka habari nyumbani. Kule Lamu, zaidi ya miaka 100 iliyopita, Habib Saleh aliufungua mlango wa elimu kwa wanyonge ambao wenye majina hawakutaka kukaa nao mkeka mmoja, na Riyadha ikasimama juu ya msingi huo. Na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah Mombasa mwaka 1932, hakuchoka kutuhimiza tuchukue la manufaa kwa wengine huku tukishika dini yetu. Makala yake yalipokusanywa kuwa kitabu, kikaitwa Uwongozi. Jina hilo latutosha kuwa somo.

Leo je? Tuna shule zetu za Kiislamu, nyingine zenye majumba mazuri na mabasi yenye maandishi ya dhahabu. Twahesabu alama za mtihani na juzuu zilizohifadhiwa, na haki yetu. Lakini ni ngapi kati yake zinazomwambia kijana wake: kabla ya kwenda chuo kikuu, toa miezi sita Kisauni, Majengo, Kwale au Witu, ukafunze mtoto asiyekuwa na karo? Na Kibera yenyewe si ugenini kwetu. Wanubi, Waislamu waliokuja na jeshi la Mwingereza kutoka Sudan, ndio waliokaa msitu ule mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 2017 hatimaye walipewa hati ya ekari 288. Misikiti yao iko Makina, adhana inasikika. Basi kwa nini aliyemfunza mjukuu wangu hesabu asiwe kijana aliyetoka katika mojawapo ya shule zetu?

Ninalolipendekeza si gumu, wala halihitaji fedha za kigeni. Kila shule yetu ya upili iweke sharti la miezi mitatu, ikishindikana sita. Kiranja asipimwe kwa ukimya wa bweni. Apimwe kwa idadi ya wadogo aliowainua. Na kamati za misikiti ziwatafutie vijana hao nauli na chakula. Tukiweza kulisha harusi siku tatu, hatushindwi na sahani moja ya wali.

Siku ya kuondoka Kawangware, baba mtoto alinisindikiza kituoni. Njiani tulimkuta yule kijana. Baba mtoto akasimama, akamkunjulia gazeti lililokuwa na mahamri manne ya moto. Kijana akapokea kwa mikono miwili. Hawakusema mengi.

Ndani ya basi la Mombasa nilimkumbuka mtoto niliyemtoa damu. Jina lake nalijua, mahali alipo sipajui. Deni lile siwezi kumlipa yeye. Nimeanza kulilipa kwa wengine, kila Jumamosi baada ya alasiri, kwenye baraza ya nyumba yangu, kwa ubao na chaki. Mwenye mtoto amlete. Maji nitachota mimi.