Si Upo Tu Nyumbani?

Jirani akienda msibani, mtoto wake anabaki kwetu. Fundi bomba akija kwa mwenye nyumba, geti tunafungua sisi. Muuza gesi, msoma mita ya maji, mzigo wa wifi uliotoka Morogoro na basi la usiku, kadi ya mchango wa harusi ya mtu tusiyemjua, vyote vinaishia mlangoni kwetu. Ukisita kidogo tu, unaulizwa kwa mshangao wa kweli kabisa: kwani una kazi gani, si upo tu nyumbani?

Tupo nyumbani, ndiyo. Tupo Mbagala, Tabata, Kimara na Gongo la Mboto, tumekaa mkekani na sinia la ushanga mbele yetu, mtoto mmoja mgongoni na mwingine anavuta uzi. Tunatunga hereni, vidani, bangili, vikuku na cheni za kiunoni. Tuna wateja hadi Mwanza na Mtwara ambao hatujawahi kuwaona sura. Lakini kwa kuwa kazi yetu haina sare wala saa ya kugonga kengele, inaonekana ni kitu cha kuchangamsha mikono huku tukisubiri maharage yaive.

Mwanamke aliyeajiriwa rasmi akijifungua, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa siku 84 za likizo yenye malipo, na 100 akijifungua pacha. Hatumwonei wivu, zile siku ni haki yake na hata hazitoshi. Sisi yetu inaishia pale mteja anapotuma ujumbe, "Hongera shoga, Mungu amkuze. Vipi ile oda yangu?" Kitovu cha mtoto hakijadondoka.

Baada ya hapo inakuja ile miaka isiyo na mwenyewe. Darasa la awali kwenye shule ya serikali linamtaka mtoto aliyefikisha miaka mitano, na hata akipokelewa, adhuhuri haijaingia keshafika nyumbani, kiatu kimoja mkononi, anaulizia chakula. Kabla ya miaka mitano, ni wako. Vituo vya kulelea watoto mchana vipo, na wapo wanaoviendesha vizuri, lakini ada yake inataka mtu mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi. Dada wa kazi naye anataka mshahara, chakula na pa kulala, na sisi wengine chumba chenyewe ni kimoja na sebule. Bibi ambaye kila mtu anatuambia tumwachie mtoto, yuko Singida analima.

Kwa hiyo tunafanya kazi usiku. Watoto wakilala, tunafungua makopo. Anayedhani usiku una utulivu hajawahi kutunga ushanga chini ya taa ya chumba cha kupanga. Bluu iliyokoza na nyeusi usiku ni rangi moja, na nyeupe na ile ya maziwa ni mtu na mdogo wake. Asubuhi unatoa kidani nje ili ukipige picha, ndipo unaona punje tano za bluu zimejipanga katikati ya nyeusi, na dawa yake ni kufumua hadi pale pale. Umeme nao ukikatika, tunawasha tochi ya simu, hiyo hiyo simu tunayotegemea ituletee wateja kesho, na chaji inakwisha.

Mchana tunajaribu pia, maana oda hazisubiri. Ushanga wa namba 10 punje yake ni kama milimita mbili. Sinia likipigwa teke na mtoto wa mwaka mmoja na nusu, punje hizo zinaingia chini ya kochi, ndani ya viatu, kwenye mkunjo wa mkeka, na nyingine mdomoni. Hapo unaacha kila kitu unamfungua mtoto mdomo, kisha unaanza kuokota. Tumejifunza kulamba kidole ili punje zinate. Tumejifunza kufagia bila kutupa, kuchekecha uchafu kwa chujio la chai, na kutenganisha rangi moja moja huku wali unaungua.

Na pua, jamani. Waulizeni manesi: ushanga ni miongoni mwa vitu wanavyovitoa mara nyingi puani na masikioni mwa watoto. Wapo kati yetu waliokwisha kukaa kwenye benchi la zahanati, mtoto ametulia kabisa na punje yake nyekundu puani, huku mama mkwe akieleza kwa simu, kwa sauti ya kusikika foleni nzima, kwamba alishasema hii biashara ya shanga haina maana. (Wenye watoto: msichokonoe kwa kijiti wala pini ya nywele, mtaisukuma ndani zaidi. Mpelekeni. Na vile vifungio vya sumaku vidogo, sisi wengi tumeacha kuvitumia kabisa. Mtoto akimeza viwili vinavutana tumboni, na hilo si jambo la kungoja asubuhi.)

Malighafi tunafuata Kariakoo. Anayetoka Kimara anapanda mwendokasi hadi Gerezani, mtoto mgongoni, na mgongo wenyewe ndio ule ulioinama usiku kucha. Ushanga mwingi unaouzwa pale ni wa China. Ule wa Kicheki, unaotoka Jablonec, ndio Wamasai waliouzoea, tundu zake zinalingana na rangi yake haibadiliki. Ila bei yake inakutoa jasho, kwa hiyo tunashika wa China na kuomba Mungu. Shida yake ni kwamba nyekundu ya mwezi huu si nyekundu ya mwezi ujao. Umeuza kidani, mteja kafurahi, anataka na hereni za kufanana. Unarudi dukani na punje moja mkononi, unazunguka duka baada ya duka, na kila muuzaji anakuapia kwamba ni ile ile. Si ile ile. Nyingine zimepakwa rangi juu tu, na jua la Dar es Salaam na jasho la shingo vikikutana, mteja anabaki na mstari wa waridi kwenye kola ya blauzi yake nyeupe. Anayelaumiwa tunamjua.

Mwaka 2023 dola ilipoadimika na kuendelea kupanda hadi mwaka uliofuata, tuliambiwa ushanga umepanda kwa sababu ya dola. Tulielewa, si vitu vya nje? Mwishoni mwa 2024 shilingi ikapata nguvu. Bei ya ushanga haikupata habari hiyo mpaka leo.

Na biashara hii kwa kweli haijawahi kuwa na huruma. Richard Burton, yule Mwingereza aliyetoka pwani yetu mwaka 1857 kulitafuta ziwa Tanganyika, aliandika kurasa nyingi kuhusu shanga zilizobebwa na misafara. Kila nchi ya bara ilikuwa na rangi yake, na ukifika na rangi isiyotakiwa unalala nazo. Ule mwekundu uliopendwa kuliko wote ulikuwa na jina la kivunja mji, eti kwa jinsi wanawake walivyougombea. Yaani hata wakati ule lawama ilikuwa ya wanawake. Nasi tuna makopo yetu ya kijani cha mwaka juzi, kile ambacho bibi harusi mmoja maarufu alivaa, kila mtu akakitaka kwa wiki tatu, kisha kimya.

Sasa wateja. Tunawapenda, ndio wanaotulisha, na ndiyo maana tunayasema haya kwa upole.

Bei tunaiandika. Iko chini ya picha, kwa tarakimu. Mteja anaandika, "Bei?" Ukimjibu, anauliza, "Ya mwisho?" Mwingine anaandika "Mambo" saa saba usiku, ukimjibu "Poa, karibu" hasemi tena neno hadi Jumapili. Mwingine anasema, "Niwekee hiyo, nakuja kesho." Unaiweka. Unaikatalia kwa mtu aliyefika na pesa mkononi. Kesho yake ana msiba, keshokutwa amesafiri, wiki inayofuata unamwona amevaa ya mtu mwingine. Yupo na anayetuma pesa kamili bila ya kutolea, kisha anakuuliza mbona umenuna. Yupo anayetuma picha ya ujumbe wa muamala, bodaboda anaondoka na mzigo, na pesa haijaingia hadi hii leo. Yupo anayechukua picha zetu, anakata jina letu pembeni na kuziweka kwenye ukurasa wake kana kwamba alitunga yeye, na akipata oda anakuja kwetu kuomba bei ya jumla.

Kuna na wa masikio. Hereni zimemwasha, ametoa upele. Tunaomba radhi na tunabadilisha, lakini tuseme ukweli: kulabu za bei rahisi zina nikeli, na nikeli ndiyo madini yanayowasha watu wengi kuliko mengine. Kulabu za chuma kisichoshika kutu zipo, zinagharimu zaidi. Tulipoziweka tukaongeza shilingi elfu moja, yule yule mwenye upele akasema tumeanza kuringa.

Lakini neno linalotumaliza kabisa ni hili: "Mbona Kariakoo zinauzwa elfu tano?" Zinauzwa, ndiyo. Zimetoka kiwandani kwenye boksi la mia tano. Hebu tupige hesabu pamoja, ya mfano tu. Kidani kipana cha shilingi 25,000. Toa ushanga, uzi na kifungio, tuseme 9,000. Toa kifuko na kadi, 1,000. Nauli ya Kariakoo tuigawe, toa nyingine 1,000. Imebaki 14,000. Kidani hicho kimekula usiku tatu, tuseme saa kumi kwa jumla, bila kuhesabu saa za kuokota punje chini ya kochi. Ni shilingi 1,400 kwa saa. Sahani ya chipsi mayai hainunuliki. Na hapo ndipo mteja anasema, "Nipunguzie bwana, si unatengeneza mwenyewe?" Kwake yeye kutengeneza mwenyewe ni sababu ya kupunguza. Fundi gereji anatengeneza mwenyewe, kamuulize yeye.

Nyumbani nako hesabu hiyo hiyo haionekani. Mshahara wa baba una jina: kodi, ada, kiwanja. Pesa ya ushanga haina jina, kwa hiyo inajibu kila kinachoitwa. Gesi imeisha, "chukua kwenye ushanga." Mtoto ana homa, "si uliuza jana?" Dagaa, sabuni, nauli ya shemeji. Mwisho wa mwezi mtaji umeliwa wote, tunarudi Kariakoo na elfu kumi, na jioni tunaulizwa mbona biashara haikui. Waume zetu wengine ni watu wema, wanabeba mizigo na kubembeleza watoto. Lakini hata huyo mwema ukimwuliza mke wake anafanya kazi gani, anajibu, "Hapana, yeye yupo nyumbani."

Serikali angalau imetuona, ila haijui ituweke wapi. Desemba 2018 vilitoka vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, shilingi 20,000 kimoja, kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Tukanunua, ingawa kila maelezo yalikuwa ya mtu mwenye meza barabarani. Mwaka 2021 machinga wakapangiwa maeneo, sisi meza yetu ni kitanda. Anayetaka kurasimisha na kwenda kuomba namba ya mlipakodi kwa ajili ya biashara anaulizwa mkataba wa pango. Mwenye nyumba akisikia kuna mkataba unaotakiwa na watu wa kodi, anakumbusha kwamba alikupangisha ulale, hakukupangisha kiwanda.

Mikopo ya halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ambayo nne katika hiyo ni ya wanawake, haina riba, na tunasema wazi ni jambo jema. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi 2024. Ila inataka kikundi, na kikundi kinataka vikao, na vikao vinaitishwa saa nne asubuhi, saa ya uji na saa ya kumfuata wa awali. Ukienda na watoto unatazamwa vibaya kwa sababu wanalia. Usipokwenda unaandikwa mtoro. Ukipata mkopo na mwenzako mmoja akahamia kwao bila kuaga, deni lake mnalibeba mliobaki. Semina za ujasiriamali ndizo usiseme. Tumefundishwa kufunga bidhaa vizuri, tumefundishwa kutabasamu kwa mteja, tumefundishwa kuota ndoto kubwa. Hakuna semina hata moja iliyowahi kuweka chumba cha watoto pembeni na mtu wa kuwaangalia kwa saa mbili.

Hatuombi kuhurumiwa. Tunapenda ushanga, na zipo siku ambapo rangi zinakubaliana zenyewe, mtoto amelala muda mrefu na mteja analipa bila kuuliza ya mwisho. Tunachotaka ni vitu vya kawaida kabisa: jirani abishe hodi na aulize kama tuna nafasi, afisa aweke kikao alasiri, na pesa ya ushanga iachwe ikanunue ushanga.

Na wewe dada mwenye sendoff ya Jumamosi, vidani sita na bangili zake, uliyetuma ujumbe kumi na moja tangu asubuhi kuuliza vimefikia wapi: nusu ya malipo bado haijaingia, kwa hiyo ushanga wako bado uko dukani Kariakoo. Ukituma, weka na ya kutolea.