Usiache Mashine kwa Jina la Imani



Miaka kadhaa iliyopita ndugu mmoja wa kanisa letu hapa Lwakhakha alisimama kwenye ushuhuda, akasema figo zake zimepona na harudi tena Bungoma kusafishwa damu. Watu wakapiga vigelegele. Mimi mchungaji wake nikasema, "Amina!" Mwezi haukuisha, tukamzika.

Amina ile inanisumbua hadi leo.

Juzi kijana ameniuliza, "Pasta, ni kweli kuna watu wanakuza figo kwenye maabara? Si huko ni kushindana na Mungu?"

Ni kweli. Mwaka 2015 watafiti wa Melbourne, Australia, walitumia seli zilizotoka kwenye ngozi ya binadamu, zikarudishwa katika hali ya uchanga, wakazielekeza zikawa kijifigo kidogo sana, mfano wa figo ya mtoto aliye tumboni miezi mitatu ya kwanza. Hawakuumba chochote kutoka utupu. Walifuata njia ambayo Mungu aliiweka ndani ya seli. Soma Zaburi 139:13. Pale Biblia yetu inaposema mtima, Kiebrania kinataja figo. Fundi ni yule yule.

Lakini sikia vizuri. Figo moja ya mtu mzima ina vichujio karibu milioni moja. Kijifigo cha maabara hakijafika hapo, na mpaka leo hakuna hospitali inayompa mgonjwa figo nzima iliyokuzwa hivyo. Anayekuuzia vidonge vya "seli shina" eti vitaotesha figo, mkimbie, hata kama ni mshirika mwenzako.

Soma pia Isaya 38. Hezekia alishaahidiwa miaka 15, na bado Isaya akaagiza tini ziwekwe kwenye jipu. Ahadi haikufukuza dawa.

Mpendwa unayesafishwa damu, panda matatu uende. Tutakuombea ukiwa kwenye mashine. Ukiona umepona, daktari apime kwanza, ndipo uje utoe ushuhuda. Hata wale kumi wenye ukoma walitumwa kwa makuhani wakakaguliwe (Luka 17:14).

Wachungaji wenzangu, tusiseme Amina kwa jambo litakaloua kondoo.

Na wewe kanisa, nauli ya mgonjwa kwenda Bungoma ni sadaka. Kabla hujaandika AMINA hapa chini, mtumie mmoja nauli.