Je, Mbegu Hii Ni Halali?

Ndugu zangu katika imani, mama mmoja ameniuliza: mahindi yaliyochaguliwa kwa kupimwa vinasaba, je, si kubadili maumbile ya Mwenyezi Mungu? Swali lake ni la haki, kwani sima haikosekani majumbani mwetu.

Mwaka 2011, huko Bomet, virusi viwili vilikutana katika mahindi. Majani yakakauka, magunzi yakatoka matupu. Wataalamu wa Naivasha wakaambukiza maelfu ya aina kwa makusudi, na chache tu zikastahimili, mojawapo asili yake Thailand. Wakaichanganya na mbegu za kwetu kwa chavua, kama ufanyavyo upepo shambani. Alama ya vinasaba huonyesha tu, kwa kipande cha jani, mche upi umerithi kinga ya mzazi. Hakuna kilichopachikwa kutoka kiumbe kingine. Hilo lina mjadala wake.

Watu wa Madina walikuwa wakichavusha mitende kwa mikono, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akawaachia ujuzi wao. Sioni haramu hapa. Linalonishughulisha ni kwamba mbegu hizi kwa kawaida ni chotara, na mkulima maskini hurudi dukani kila msimu.