Kanuni Iliyomsahau Mama

Kila ninapomsikia mkubwa wa ofisi akisema "kanuni ni kanuni", humkumbuka Kim Gaucher, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Kanada.

Gaucher hakuwa mgeni uwanjani. Mwaka 2006, akitoka Chuo Kikuu cha Utah, alichaguliwa na Sacramento Monarchs ya WNBA, ligi ya wanawake ya Marekani. Baadaye akacheza kwa kulipwa barani Ulaya. Aliiwakilisha Kanada katika Olimpiki ya London 2012 na ya Rio 2016. Machi 2021 alijifungua binti. Miezi minne baadaye, Olimpiki ya Tokyo, iliyoahirishwa kwa mwaka mzima kutokana na UVIKO-19, ilikuwa inaanza.

Waandaaji walikuwa wamewazuia wanamichezo kufuatana na jamaa zao. Mtoto anayenyonya naye akahesabiwa jamaa. Mwezi Juni Gaucher alijirekodi, akaeleza mtandaoni kwamba analazimishwa kuchagua kati ya kunyonyesha na kucheza. Watu wakapaza sauti. Kabla ya mwezi kwisha sharti likalegezwa, naye akaenda Tokyo.

Wapo watakaosema kwamba mambo yaliisha vyema. Mimi sikubaliani nao. Ruhusa ile ilikuja na masharti mazito kiasi kwamba mwogeleaji wa Hispania, Ona Carbonell, alilazimika kumwacha mwanawe nyumbani. Tena, Gaucher alisikilizwa kwa kuwa alikuwa na jina. Je, mama asiye na jina angemlilia nani?

Siamini kwamba walioandika kanuni ile waliwachukia akina mama. Kosa lao ni la kawaida zaidi, na ndiyo maana ni la hatari zaidi: walipomfikiria mwanamichezo, walimwona mtu asiye na mtoto kifuani.

Dawa ya kosa hilo si huruma ya dakika za mwisho, bali ni haki iliyoandikwa mapema. Mkataba wa WNBA wa mwaka 2020 uliwapa wachezaji mshahara kamili wakiwa katika likizo ya uzazi. Katika Olimpiki ya Paris 2024, kijiji cha wanamichezo kilikuwa na chumba cha watoto kwa mara ya kwanza.

Wanafunzi wangu, kesho ninyi ndio mtakaoandika kanuni. Na ninyi watumishi wa umma mnaziandika leo. Kabla ya kutia saini, jiulizeni ni nani ambaye hamkumwona.