Kondakta Asiyedai Nauli

Safari hii nimeambiwa kikaoni kwetu wenyewe, pale tunaposomeana miswada. Nilikuwa nimeandika kurasa tatu juu ya metali za ajabu. Mmoja akapiga miayo. Mwingine akasema: "Hiyo fizikia, bwana, peleka chuo kikuu. Sisi hapa tunafanya fasihi. Halafu Kiswahili chenyewe kina maneno hayo?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana ukikosa jibu unacheka. Jibu nililipata baadaye, barabarani kati ya Ngara na Biharamulo, na nalileta hapa kwa maandishi ili mtu asije akasema nilikimbia.

Ukitoka Rusumo kwenda Nyakanazi unaziona nguzo za umeme. Kwenye maporomoko ya Rusumo, Mto Kagera, wilayani Ngara, kuna mitambo ya megawati 80 ambayo nchi tatu zinagawana: Tanzania, Rwanda na Burundi. Njia inayokuja kwetu, ya kilovolti 220, inafika kituo cha Nyakanazi, Biharamulo. Lakini umeme wote uliotoka Rusumo haufiki. Sehemu inageuka joto njiani na kuupasha moto upepo wa bure.

Kwa nini? Kwa sababu waya ni kondakta, na kondakta tunamjua: hakubebi bila nauli. Elektroni zinapopita ndani ya waya zinagongana na atomi zinazotikisika, na kila mgongano unachukua nguvu kidogo. Nauli hiyo inaitwa ukinzani. Wewe uliyeuliza kuhusu maneno, TUKI walichapa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Je, uliwahi kuifungua?

Mwaka 1911, huko Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes aliipoza zebaki hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri za Selsiasi, na ukinzani ukatoweka. Haukupungua tu, ulikwisha! Huyo ndiye supakondakta: anabeba abiria na hadai hata senti. Tatizo ni baridi lenyewe, maana kulitengeneza ni gharama. Mwaka 1986 Bednorz na Müller, kule Zurich, walikuta hali hiyohiyo kwenye oksaidi yenye shaba, tena katika baridi isiyo kali kama ile ya zamani. Nadharia iliyoeleza zebaki, ile ya mwaka 1957, ikashindwa kuieleza hiyo mpya.

Hapo ndipo metali za ajabu zinapoingia. Kabla vitu vya jamii hiyo havijapoa kiasi cha kuwa supakondakta, vinapitisha umeme kwa nauli, ila nauli yake ina kituko. Ukishusha jotoridi, ukinzani nao unashuka sawia, mstari umenyooka kama rula, hata kule kwenye baridi kali ambako metali ya kawaida hubadili mwendo. Kwenye metali ya kawaida unaweza kuifikiria elektroni moja moja, kama abiria mwenye tiketi yake. Kwenye metali ya ajabu hesabu hiyo inagoma, kama daladala ya saa kumi na mbili jioni: watu wamebanana hadi hujui mkono huu wa nani. Na mara nyingi mstari huo ulionyooka unaonekana palepale ambapo usupakondakta una nguvu zaidi. Hivi viwili vina undugu gani? Hadi leo wanafizikia hawajakubaliana jibu.

Sasa turudi Ngara. Kabanga kuna nikeli, na imejulikana tangu miaka ya 1970. Nikeli tupu si supakondakta, ni kitu cha sumaku. Lakini mwaka 2019 watafiti wa Stanford, Marekani, waliichanganya na neodimi, stronti na oksijeni, wakaipunguza oksijeni kidogo, wakapata utando mwembamba mno uliopitisha umeme bila ukinzani kwenye baridi ya karibu nyuzi 260 chini ya sifuri. Mwaka 2023 huohuo mstari ulionyooka ukaonekana kwenye tando za aina hiyo. Tena mwaka huo, watafiti wa China waliibana oksaidi ya nikeli na lantani kwa kani kubwa ajabu, wakaona dalili za usupakondakta kwenye nyuzi 193 hivi chini ya sifuri.

Sitaki kumdanganya mtu. Utafiti huo haukuhitaji lori hata moja la mawe ya Kabanga. Soko la nikeli ni chuma kisichoshika kutu na betri. Lakini hapo ndipo hoja yangu ilipo! Tunabishana vijiweni kuhusu tani na hisa, serikali ina asilimia 16 ya Tembo Nickel, na mabishano hayo ni halali kabisa. Ila nikeli iliyotikisa fizikia mwaka 2019 ingeweza kukaa kwenye ukucha. Thamani yake ilitoka kwa watu waliouliza swali. Na kijana wa Ngara atauliza vipi swali ambalo hajawahi kulisikia kwa lugha anayoiotea ndoto?

Biharamulo tulikuwa na dhahabu ya Tulawaka. Mgodi ulianza kuchimba mwaka 2005, na mwaka 2013 mwekezaji akaondoka, ukaenda STAMICO. Mimi sijakutana na riwaya wala tenzi juu yake. Sisi waandishi vijana tuko hodari kulalamika kwamba utajiri unaondoka, wakati kalamu zetu hazijawahi kuugusa.

Kikao kijacho nitasoma kurasa zilezile tatu. Anayetaka kupiga miayo na apige. Lakini anayesema Kiswahili hakiwezi, aje na sentensi iliyomshinda. Tutakaa naye, tuijaribu pamoja.