Dakika Nane za Ziwa Chala

Leo sitaanza na tarakilishi. Nataka kuandika juu ya mlima mfupi, mama yangu, na nambari moja niliyoiona kwenye simu yangu: dakika 8. Lakini msiondoke, maana mwishoni tutarudi kwenye msimbo tu, kama kawaida yetu.

Kwa wale ambao hawajafika, Ziwa Chala liko kaskazini mwa mji wa Taveta, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kilimanjaro. Ni ziwa lililo ndani ya shimo la volkeno ya zamani. Mpaka wa Kenya na Tanzania unalikata, kwa hiyo ukisimama upande wetu unatazama nchi mbili kwa mpigo mmoja. Lina ukubwa wa kilomita za mraba 4 na kidogo, na kina chake kinapita mita 90. Maji yake mengi hayaletwi na mto wowote unaoonekana; yanapita chini ya ardhi kutoka misitu ya Kilimanjaro.

Kinachonifurahisha zaidi ni hiki: ukiwa chini hulioni kabisa. Unaona kilima tu, vichaka na mawe. Unapanda, unapanda, halafu ukifika ukingoni ardhi inaisha ghafla na maji yako pale chini, ya samawati kama rangi ya shati la shule. Asubuhi kukiwa hakuna mawingu, Kilimanjaro yenyewe na mita zake 5,895 inasimama ng'ambo.

Na sisi watu wa programu tuna sababu nyingine ya kulipenda. Chala ni faili la kumbukumbu. Kila mwaka matope hutua chini kwa tabaka jembamba jeupe na jingine jeusi, kufuatana na majira ya upepo na ya mvua, na hakuna mtu aliyelifuta. Mwaka 2005 wanasayansi walichimba matope hayo wakapata historia ya hali ya hewa ya miaka 25,000. Mwaka 2016 walirudi wakachimba zaidi ya mita 200 chini ya sakafu ya ziwa, wakafikia takriban miaka 250,000. Nani kati yetu ana nakala ya akiba ya umri huo? Mimi nimepoteza picha za mwaka juzi.

Basi, mwezi uliopita nilimpeleka mama. Yeye ni Mtaita, ana miaka 61, na tangu utotoni alisikia habari za ziwa hili bila kulifikia. Tulitoka Voi kwa matatu hadi Taveta, barabara siku hizi ni lami, kisha tukakodi gari hadi chini ya kilima. Nikatoa simu. Ramani ikasema: hadi mahali pa kutazamia, mita 650, dakika 8 kwa miguu.

Nikamwambia, "Mama, ni dakika nane tu." Kwa sababu ya nambari hiyo niliacha chupa kubwa ya maji ndani ya gari. Kwa sababu ya nambari hiyo hiyo sikujali kwamba ilikuwa karibu saa sita mchana na jua liko utosini. Nikatangulia, macho kwenye kile kinukta cha bluu kinachotembea. Baada ya dakika kama saba niligeuka nyuma. Mama hakuwepo.

Nilirudi mbio. Nilimkuta ameketi juu ya jiwe, kiatu kimoja amekivua, anahema. Nikasema kwa kigugumizi kwamba simu ilionyesha ni karibu. Akaniangalia. "Mwanangu, hiyo simu yako ina magoti?"

Kijana mmoja mchunga mbuzi alikuwa anapita. Nikamuuliza ni umbali gani bado. Kabla ya kujibu hakuitazama njia. Alimtazama mama, akatazama viatu vyake. Akasema, "Shikamoo mama. Si mbali. Lakini pumzika hapa kidogo, halafu pale penye mti mkubwa upumzike tena. Utafika." Tulifanya hivyo hivyo. Kwa jumla tulitumia dakika 34. Mama aliliona ziwa, akanyamaza kwa muda mrefu sana, na mimi nilishukuru Mungu kimyakimya.

Sasa tuje kwenye hoja yangu. Yule kijana alipiga hesabu bora kuliko simu ya maelfu ya shilingi. Si kwa sababu anaijua njia tu. Ni kwa sababu alianza kwa kuuliza nani anatembea.

Dakika 8 zilitoka wapi? Chukua mita 650, gawanya kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, unapata karibu 8. Yaani programu niliyotumia ilikilaza kilima kikawa uwanja wa mpira. Siwezi kuitukana sana, maana mimi mwenyewe niliwahi kuandika programu ndogo ya matembezi ya wikendi, na humo ndani kulikuwa na mstari mmoja unaofanya jambo lile lile: umbali gawanya kwa 5. Niliuandika usiku, ukafanya kazi, nikalala. Hakuna jaribio lililoshindwa. Jaribio lenyewe lilishindwa mwezi uliopita, juu ya jiwe, kiatu kimoja mkononi.

Na si kwamba maarifa hayapo. Mwaka 1892 Mskoti mmoja mpanda milima, William Naismith, alitoa kanuni: saa moja kwa kila maili 3, ongeza saa moja kwa kila futi 2,000 unazopanda. Kwa kipimo cha simu yangu tulipanda mita 70 hivi. Kwa kanuni hiyo ni dakika 15. Mwaka 1993 mwanajiografia Waldo Tobler akatoa kanuni nyingine inayopunguza mwendo kadiri mteremko unavyokuwa mkali; hiyo inatoa kama dakika 11. Zote mbili ni bora kuliko 8. Lakini tazameni: hakuna hata moja inayokaribia 34. Kanuni ya Naismith ilitoka kwa mtu aliyezoea milima, si kwa mama aliyesimama sokoni miaka thelathini.

Tena, hata huo urefu wa kupanda una mashaka yake. (Ndiyo maana nimeandika "hivi".) GPS hukosea zaidi kwenye kimo kuliko kwenye mahali, kwa sababu setilaiti zote ziko juu yako na hakuna hata moja chini ya ardhi ya kusawazisha hesabu. Ramani nyingi huria za miinuko zinatokana na safari ya chombo cha anga Endeavour ya Februari 2000, kilichopima sehemu kubwa ya dunia kwa rada kwa siku 11. Kazi kubwa sana ile, naivulia kofia. Lakini pikseli moja ya data hiyo ni mita 30 kwa 30. Njia yetu yote ya Chala ni pikseli 22 tu. Pale penye mawe makali panapomchosha mtu hasa, data inaona mteremko mpole.

Najua kuna atakayesema: "Kaka, si ungetumia akili yako tu? Kilima unakiona kwa macho." Ni kweli, na lawama yangu naibeba. Mtoto mwenye adabu hamtangulii mama yake kwenye mawe. Lakini nambari ina nguvu ambayo macho hayana. Jioni, tukiwa Taveta tunakunywa chai, mama aliniambia jambo ambalo bado linanisumbua. Alisema kwamba pale njiani hakuniita nisimame kwa sababu aliona haya. Nilikuwa nimesema dakika nane, zilipopita akadhani kasoro iko kwake.

Hapo ndipo penye ubaya. Hitilafu ya kawaida humfanya mtumiaji aikasirikie programu. Hitilafu ya namna hii humfanya ajikasirikie mwenyewe. Haandiki malalamiko wala hapigi simu kwa mtu yeyote. Anakaa juu ya jiwe na kujiona mzee. Na sisi tunaoandika programu hatutapata habari kamwe, kwa sababu takwimu zetu zitaonyesha tu kwamba safari "haikukamilika".

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Programu inayotaja muda wa kutembea bila kujua anayetembea isitaje nambari moja. Itaje masafa: dakika 15 hadi 40. Itaje kupanda kwa mita, waziwazi, mahali pale pale penye umbali. Baadhi ya programu tayari huonyesha miinuko, lakini mara nyingi unatakiwa uguse hapa na pale ndipo uione. Na imuulize mtumiaji mara moja tu: mwendo wako ni wa haraka, wa kawaida au wa polepole? Huo si utafiti wa anga. Ule mstari wangu mmoja nimeufuta. Sasa kuna mistari kumi na miwili, na jioni moja ilitosha.

Jambo la pili ni letu sote, hata wasiojua kuandika msimbo. Ramani ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa mwaka 2004, inaruhusu mtu yeyote kuongeza njia, aina ya ardhi, kivuli na mahali pa kupumzika. Hakuna kampuni ya mbali itakayokuja kupima njia ya mbuzi ya Taveta. Nimechora njia yetu kama tulivyoipita, na lile jiwe pia nimeliweka kama mahali pa kukaa. Wewe unayesoma haya, kilima cha kwenu kiko kwenye ramani? Kama hakipo, unangoja nani?

Na onyo moja kabla sijafunga. Mkifika Chala, ridhikeni na kutazama kutoka juu. Njia ya kushuka hadi majini ni kali, na mwaka 2002 mwanafunzi kutoka Uingereza aliuawa na mamba akiogelea humo. Hilo nalo ramani yangu haikulisema. Kijana wa mbuzi alilisema bila kuulizwa.

Mama anataka kurudi Desemba, safari hii na shangazi. Ameshatoa masharti: tutoke saa kumi na mbili asubuhi, maji nibebe mimi, na simu ibaki mfukoni hadi wakati wa picha. Nimekubali yote.

Haya, nawatakia wiki njema. Kama una programu yenye ule mstari wa kugawanya kwa 5, ufungue leo leo.